Wadudu hai wa kulisha geko: kuwatunza, kuwashibisha na kuwalisha

Anayenunua geko kwa mara ya kwanza hudhani amenunua mnyama mmoja. Baada ya siku mbili tatu ndipo anapogundua kuwa ana mifugo ya aina mbili: geko aliyelala chini ya jiwe lake, na wadudu hamsini kwenye kikopo wanaokwaruza usiku kucha. Yule wa kwanza amepata kizimba kizuri, taa na jina. Hawa wa pili wameachwa juu ya kabati kwenye kikopo kilekile walichonunuliwa nacho, na wiki ikiisha nusu wamekufa, waliobaki ni maganda matupu yenye miguu.

Mwongozo huu ni wa hawa wa pili. Geko ni jamaa wa mjusi kafiri, yule anayevizia karibu na balbu ukutani. Lakini wa ukutani hujichagulia: leo mbu, kesho kumbikumbi, keshokutwa nondo. Wa kizimbani anakula unachompa tu. Kama nyenje wako alishinda njaa siku nne, umempa geko maji na ganda, hata kama umemlisha nyenje kumi.

Jambo moja kabla ya kuanza. Geko wote hawali sawa. Geko chui, yule wa madoa anayefugwa na wengi, anaishi kwa wadudu peke yake. Geko wa kishungi chakula chake kikuu ni ule unga maalumu wa matunda unaokorogwa na maji. Kwake wadudu ni nyongeza ya mara moja au mbili kwa wiki. Mjue wako ni yupi ndipo ununue wadudu, la sivyo utajikuta na boksi la nyenje mia mbili na mlaji anayetaka wanane.

Hatua ya 1: Chagua mdudu

Nyenje ndio chakula cha kawaida cha kila wiki. Wanarukaruka, na geko huamshwa na kitu kinachotembea. Ubaya wao ni kwamba wananuka, wanakufa ovyo na wanaimba. Habari njema ni kuwa wanaoimba ni madume tu, tena waliokwisha komaa na kuota mabawa. Ukinunua wa ukubwa wa kati ambao mabawa hayajaota, utalala usingizi. Jike mzima utamtambua kwa ule mwiba mrefu nyuma anaotagia mayai. Nyenje aliyezoeleka madukani, Acheta domesticus, ana kirusi chake ambacho hadi kufikia 2010 kilikuwa kimefagia mashamba mengi Ulaya na Amerika Kaskazini. Hakimdhuru geko, lakini kinaweza kumaliza boksi zima, na ndiyo sababu baadhi ya wauzaji wamehamia aina nyingine kama nyenje wa milia. Kama nyenje wako hufa kwa wingi kila unaponunua na umetunza kila kitu sawasawa, uliza kama kuna aina nyingine.

Mende dubia kwangu ndio bora kuliko wote. Hawaruki, hawaimbi, hawapandi ukuta laini wa plastiki, hawanuki kama nyenje na wanaishi miezi mingi. Kasoro yao kubwa ni jina. Wapo watu nyumbani ambao hawatakubali neno mende hata uape kwamba hawa si wale wa jikoni. Kasoro nyingine ni kwamba akitua kizimbani hujifukia au hujikausha kama amekufa, na geko humpita. Hakikisha pia sheria za nchi yako zinaruhusu kumfuga. Kuna mahali amepigwa marufuku.

Mabuu wa unga ni rahisi kuwatunza kuliko wote, kwa sababu wanakubali friji. Ngozi yao ni ngumu kidogo na kalsiamu ni haba, kwa hiyo wachanganye na wengine. Kile kisa kwamba buu akimezwa mzima hutoboa tumbo la mjusi na kutokea upande wa pili, kipuuze. Geko humtafuna kwanza, na tumbo humalizia kazi.

Zofobasi ni mabuu wanaofanana na wa unga lakini wakubwa mara kadhaa, na wanauma kwelikweli. Ni wa geko mzima mwenye kichwa kipana. Mabuu wa nondo wa nta ni mafuta matupu: wanafaa kumnenepesha geko aliyekonda au kuwa zawadi ya mara mojamoja. Geko aliyezoeshwa hao huanza kugeuza kichwa akiona nyenje, na utapata kazi kumrudisha. Mabuu wa nzi askari mweusi ni wa pekee kwa kuwa wana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, jambo ambalo wadudu wengine niliowataja hawana.

Mimi hutumia wawili kwa zamu, mende dubia na nyenje, na mabuu wa unga hukaa kwenye friji kwa dharura.

Wa kuokota nje usiwaguse. Hujui walikula dawa gani ya kuulia wadudu wala wamebeba minyoo gani. Hatari zaidi ni vimulimuli: sumu yao inaweza kumuua mjusi, na mmoja tu anaweza kutosha.

Hatua ya 2: Wahamishe siku hiyohiyo

Kikopo cha duka ni cha safari. Tafuta boksi la plastiki lenye kuta laini, refu kwenda juu. Kwa nyenje mia moja hadi mia mbili, boksi la lita thelathini hivi linatosha. Kata dirisha kwenye kifuniko na lingine ubavuni, kisha zibe kwa wavu wa chuma. Nimesema chuma. Wavu wa plastiki au wa kitambaa nyenje huutafuna usiku mmoja. Kama wanapanda kuta, zungushia utepe mpana wa kufungia maboksi kwa ndani karibu na mdomo. Miguu yao huteleza hapo.

Ndani weka trei za mayai za karatasi, uzisimamishe wima badala ya kuzilaza. Zikisimama, kinyesi na maganda hudondoka chini na wadudu hubaki juu penye ukavu. Chini usiweke mchanga wala udongo. Sakafu tupu utaifagia kwa dakika mbili, na maiti utaiona mapema.

Mabuu wa unga na zofobasi wao hawahitaji trei. Wape bakuli pana lenye pumba za ngano au oti, kina cha sentimita tano hivi. Pumba hizo ni kitanda na ni chakula kwa wakati mmoja.

Unapohamisha nyenje, ingiza kikopo kizima ndani ya boksi kubwa ndipo ukifungue. Mimi mara ya kwanza nilikifungua mezani, nikidhani watakaa wakinisubiri. Niliwakamata wengi. Mmoja alihamia nyuma ya friji, kwenye joto la mota, akakomaa hukohuko, na kwa wiki mbili kila taa ilipozimwa alianza kuimba.

Hatua ya 3: Ukavu kwanza, halafu joto

Wengi huhangaika na joto, kumbe kinachoua nyenje wengi ni unyevu. Niliwahi kuwawekea vipande vinene vya tango na kufunika boksi vizuri ili wasitoroke. Asubuhi kifuniko kilikuwa na matone kwa ndani kama sufuria iliyokuwa jikoni. Nilipofungua, harufu ilinipiga puani, ile kali ya mkojo uliokaa. Trei zilikuwa zimelegea, na nyenje wamelala chali, miguu imekunjwa. Katika mia, waliokuwa hai hawakufika ishirini. Unyevu unaozesha kinyesi, kinyesi kinatoa amonia, na amonia ndani ya boksi lisilopitisha hewa haina pa kwenda.

Kwa hiyo maji usiyaweke kwenye kisahani wazi. Nyenje huzama hata kwenye maji ya kina cha kucha. Sponji nayo huvunda upesi. Weka kipande cha karoti, au zile chembe za jeli ya maji zinazouzwa kwa kazi hii, juu ya kifuniko kidogo cha chupa ili unyevu usiguse sakafu. Kibadilishe kila siku, kiwe kimeliwa au hakijaliwa. Ukiona matone popote ndani ya boksi, ongeza hewa siku hiyohiyo.

Joto linategemea unataka nini. Nyenje na mende wa kulishwa wiki hii wanatosheka na nyuzijoto 21 hadi 24. Ukipandisha hadi 28 au 30 watakula zaidi, watakua upesi na watakufa upesi. Hiyo ni hali ya anayetaka wazaane. Mende dubia usimtie friji kamwe. Zofobasi vilevile: baridi humuua, ingawa anafanana na ndugu yake anayeipenda.

Mabuu wa unga wakiwekwa kwenye nyuzi 7 hadi 10 husinzia na kuacha kukua, na wanaweza kukaa hivyo wiki kadhaa. Mlangoni mwa friji baridi si kali kama kwingine ndani yake, waweke hapo. Mara moja kwa wiki watoe, waache siku nzima kwenye joto la chumba na kipande cha karoti wale, kisha warudishe wakiwa wakavu. Bila siku hiyo ya kula, utakuwa unahifadhi ngozi. Wakiachwa nje ya friji muda mrefu hugeuka mabundo meupe yasiyotembea, na baadaye mbawakawa weusi. Hawajaharibika, ila geko wengi hawamtaki mbawakawa.

Mabuu wa nzi askari na wa nondo wa nta hupenda ubaridi wa wastani, kama nyuzi 13 hadi 15. Hao hawahitaji kulishwa. Wa nzi askari wakianza kuwa weusi, wanakaribia kuwa bundo, watumie haraka.

Hatua ya 4: Washibishe kabla hujawalisha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Tumbo la mdudu ni kifuko. Alichokula saa 24 hadi 48 kabla ya kuliwa, geko anakila pia.

Sababu ya kusisitiza hivi ni mifupa. Mjusi anahitaji kalsiamu kwa fosforasi kwa uwiano wa karibu mbili kwa moja. Nyenje, mende na mabuu wa unga wana uwiano uliopinduka: fosforasi ni mara kadhaa ya kalsiamu. Geko akila hivyo mwezi baada ya mwezi, mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linakuwa laini kama ufizi, miguu inapinda, vidole vinatetemeka anapotembea. Ukifika hapo, hilo ni la daktari wa mifugo anayejua reptilia, si la kujaribia nyumbani, na mguu uliopinda mara nyingi haunyooki tena.

Basi siku mbili kabla ya kulisha, wagawie wale watakaoliwa chakula cha nguvu. Karoti, boga, kiazi kitamu, majani mabichi ya rangi nzito, pamoja na unga mkavu wa nafaka au chakula maalumu cha kushibisha wadudu chenye kalsiamu ya ziada. Mchicha wa spinachi uache; una oksalati zinazoshika kalsiamu isitumike. Lettusi nyeupe ni maji tu. Mboga zioshwe sana na kukaushwa, kwa sababu mabaki kidogo ya dawa ya shambani yanamaliza boksi zima kabla ya jua kuzama.

Pumba peke yake haitoshi kwa mabuu wa unga. Inawaweka hai, basi. Watoe kiasi cha mlo mmoja au miwili, uwatie kwenye bakuli dogo lenye chakula hicho kizuri, kwenye joto la chumba.

Utajuaje nyenje ameshiba? Muinue juu ya mwanga. Mwenye njaa tumbo lake ni jembamba na limenyauka. Aliyeshiba limejaa, na akiwa mchanga utaona hata rangi ya karoti kwa ndani.

Hatua ya 5: Paka unga wa kalsiamu

Chukua mfuko mdogo wa plastiki au kikombe kirefu, tia unga kiasi cha ncha ya kijiko, dondoshea wadudu wa mlo huo, kisha zungusha taratibu. Nyenje wanaosumbua waweke kwenye friji dakika tano kwanza. Baridi huwapunguza mbio. Ukitumia kigogo cha karatasi ya chooni kama maficho ndani ya boksi, kazi ni rahisi zaidi: unainua kigogo na nyenje wote waliojificha ndani, unakung'utia mfukoni, umemaliza.

Wawe na rangi hafifu, kama mkono wa mwalimu aliyeshika chaki. Wakiwa weupe pepepe kama samaki anayesubiri mafuta ya moto, umezidisha, na geko wengi watamtema mdudu wa namna hiyo. Walishe hapohapo. Nyenje hujisafisha, na baada ya saa chache unga wote umeishia sakafuni.

Kuhusu aina ya unga, kuna kalsiamu tupu, kuna yenye vitamini D3, na kuna mchanganyiko wa vitamini. D3 ndiyo inayowezesha mwili kuitumia kalsiamu, lakini ikizidi ni sumu. Geko anayepata taa ya UVB, ile yenye miale kama ya jua, hujitengenezea sehemu yake; asiye na taa hiyo anategemea unga. Soma maelekezo ya kopo na uangalie una taa gani ndipo upange. Kwa geko anayekua, kalsiamu tupu karibu kila mlo haina ubaya, na vitamini mchanganyiko mara moja kwa wiki hivi. Kopo likishafunguliwa vitamini hupungua nguvu, kwa hiyo andika tarehe ubavuni na usilitunze miaka.

Hatua ya 6: Lisha kwa kipimo

Kipimo cha ukubwa kiko usoni mwa geko: mdudu asizidi upana ulio kati ya macho yake mawili. Mkubwa mno anaweza kumkwama au kutapikwa.

Mdogo anayekua hula kila siku, mzima kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa geko chui kanuni ya wafugaji wengi ni wadudu wawili kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu wake. Ianzie hapo, kisha mkia ukuongoze. Mkia mnene kidogo ni akiba nzuri. Ukiwa mpana kuliko shingo kwa mbali na makwapa yamevimba mafuta, punguza.

Subiri jioni, kwa kuwa geko chui na wa kishungi huamka giza linapoingia. Dondosha mdudu mmoja au wawili kwa wakati. Keti utazame, maana hapa ndipo raha ya ufugaji ilipo: kichwa kinainuka, mwili unaganda, halafu ncha ya mkia inaanza kutetemeka polepole kama ya paka. Kisha anaruka, na nyenje hayupo.

Mabuu na mende uwaweke kwenye kibakuli chenye kuta laini wasijifukie, au uwashike kwa kibano chenye ncha butu. Zofobasi lishe kwa kibano, ukitanguliza kichwa chake.

Baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini, toa wote waliobaki. Nyenje mwenye njaa hutembea juu ya geko aliyelala na kumng'ata vidole, kope na mkia, na vidonda hivyo huoza. Ikiwa kuna mmoja umeshindwa kumpata, acha kipande cha karoti pembeni usiku huo. Atakwenda kwenye karoti, na asubuhi utamkuta.

Hatua ya 7: Usafi

Maiti toa kila siku. Fagia boksi kila wiki, trei zilizolowa au zilizojaa kinyesi tupa. Usioshe boksi kwa dawa za manukato; maji ya moto na sabuni kidogo, suuza sana, kausha kabisa. Kufagia fanya nje au ukiwa na barakoa, kwani vumbi la nyenje na mende huamsha mzio na pumu. Ukiona unga wa pumba unatembea wenyewe, hao ni utitiri, na wameletwa na unyevu. Chekecha mabuu uwatoe, tupa pumba zote, anza upya kwenye bakuli kavu.

Wadudu waliozidi usiwaachie nje ya nyumba. Watie kwenye friza hadi kesho yake, kisha utupe. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika geko, kizimba au wadudu, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Watoto simamia mwenyewe.

Ukisafiri siku tatu nne, geko chui mzima mwenye afya na mkia mnene anaweza kuvumilia akiwa na maji na joto lake. Nyenje hawawezi. Utakayemwachia funguo, muonyeshe boksi la wadudu kabla ya kumuonyesha kizimba: atupe kipande cha karoti cha jana, aweke cha leo, atazame kama kuna matone kwenye kifuniko, afunge.